Zamu ya Namba Tisa

3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva wa gari la dawa, yule wa kofia ya sufu, maana ndiye posta pekee inayofika kwenu. Huku wote wazima. Kaka yako magoti yanamsumbua, ila mdomo haumsumbui hata kidogo. Anagombana na jirani juu ya drafti kila siku, na kesho yake wanakaa tena benchi lilelile kama hakuna kilichotokea. Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na sasa akicheka anaziba mdomo.

Kadi ya kumbukumbu imefika salama, ndani ya soksi ya mtoto kama ulivyoifunga. Asante sana. Najua unazunguka nyumba kwa nyumba kuangalia visanduku vyangu, na tangu ustaafu kufua mashuka ya zahanati ulistahili kupumzika, si kupandishwa vilima na mtoto wa kaka yako. Sina cha kukulipa zaidi ya kusema hivyo.

Sasa nikueleze kinachonikosesha raha. Visanduku vyote tisa vinafanya kazi, lakini kwa kujikokota. Unakumbuka nilivyokueleza nilipokuja kuvifunga: huko hakuna mnara wa simu, kwa hiyo kila kisanduku kinapokea ujumbe wa jirani na kumpasia anayefuata, mpaka ufike zahanati. Hewa ni moja tu. Kimoja kikisema, vya karibu vinyamaze, vinginevyo sauti zinagongana na hakuna anayesikika. Kazi yangu yote hapa chuoni ndiyo hiyo, kupanga nani aseme, kwa kasi gani, kwa muda gani. Kwa hesabu zangu, mama mwenye uchungu akirekodi sauti juu huko kwa simu iliyounganishwa na kisanduku, mkunga anaisikia kabla hajamaliza kufunga kamba za viatu. Kadi inasema ujumbe unachukua nusu siku.

Kuna aliyevihamisha? Kuna kilichoanguka? Niambie ukweli, sitamkasirikia mtu. Na kile cha tisa nilichokuachia ukitafutie mwenyewe, je, umempa nani?

Msalimie Msagaji wa mashine ya unga. Mwambie kisanduku chake ndicho shina, nyumba zote za nyuma zinapitia kwake, asikizime hata siku akinuna.

Kipanga wako

*

20 Februari

Kipanga wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua imenikuta mzima, namshukuru Mungu. Mwambie kaka yangu aache kugombana na jirani, atabaki bila mtu wa kumfunga. Na huyo mwenye pengo mpe busu la shavuni, mwambie bibi yake naye anayo mapengo yake na hazibi mdomo.

Huku kuna habari njema. Mkunga mpya bado yupo. Unajua wale waliomtangulia walikuwa wanakuja na masanduku yao, wanalala kwenye chumba cha dawa wiki mbili tatu, kisha wanaondoka na gari lilelile lililowaleta. Huyu amepata nyumba nzuri, karibu na zahanati, amepanda na mchicha. Binti mwenye adabu, ila chai yake nyepesi mno.

Kuhusu visanduku, umenishangaza. Hakuna aliyevigusa. Vimetunzwa kuliko mayai. Mvua zilipoanza nilipita nyumba zote mwenyewe nikawafundisha kuvifunika. Kila kimoja kina debe lake la bati, limeshuka mpaka chini, halafu jiwe juu yake upepo usilipeperushe. Msagaji kwa kujua kwake mambo amelizungushia na waya. Hata tone moja la maji halijaingia, na mwizi akipita anaona debe tu. Kwa hiyo kama kuna kasoro, kaitafute huko kwenye hesabu.

Cha tisa kimepata mwenyewe, usijali.

Shangazi yako

*

12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma ofisini, nikacheka mpaka wenzangu wakaja kuuliza. Nilipowasomea habari ya madebe, mmoja alilazimika kukaa chini. Msimamizi wangu, ambaye hacheki, alivua miwani akaipangusa.

Bati ndilo kosa, Shangazi. Mawimbi ya redio hayapiti kwenye bati. Umevifungia visanduku vyote ndani, kila kimoja kinapiga kelele peke yake gizani, na kwa kuwa hakisikiki kinarudia na kurudia. Nashangaa hata hiyo nusu siku imewezekana. Kama ungekuwa adui yangu, usingeweza kuniharibia vizuri zaidi.

Tafadhali yatoe yote. Tumia beseni la plastiki, lile la kufulia, au ndoo kuukuu. Plastiki haina neno. Na huyo fundi wa waya mwambie namshukuru ila waya nao utoke.

Nimekuonea huruma nikifikiria ulivyopanda mlima na madebe mgongoni kwa ajili yangu. Nilipokuwa kwako nasoma shule ulikuwa hivyohivyo, unanifunga sweta mbili mvua ikinyesha hata kama nina mwavuli. Nacheka, lakini moyoni nashukuru.

Kaka yako anasema ungemuuliza yeye kwanza. Usimjali, hata yeye hakuwa akijua.

Kipanga wako

*

6 Aprili

Kipanga wangu,

Marahaba. Basi nimekuwa kichekesho cha chuo kizima. Sawa, mradi mmejifunza.

Tumeyatoa. Tangu siku hiyo, mwanangu, huku mambo yamegeuka. Mke wa fundi seremala alishikwa na uchungu wakati maji yanaanza kujaa kwenye kivuko. Zamani wangetuma mtu aje kwa miguu, na mkunga angekuta kivuko hakipitiki tena. Safari hii alisema maneno mawili kwenye simu, na mkunga akatoka anakimbia na mkoba wake, mwiko wa ugali ukabaki ndani ya sufuria. Mtoto wa kiume, mkubwa, analia kwa sauti ya kudai deni. Mama yake ameniambia nikuandikie kwamba anakushukuru, na baba yake pia, na mimi nakushukuru zaidi ya wote wawili maana nimefua mashuka ya pale zahanati miaka mingi na najua yale ambayo mashuka yanajua.

Msagaji naye amechangamka. Mashine ikiwashwa anatangaza, watu hawapandi bure na magunia yao. Analalamika kwamba mizigo ya wenzake yote inapitia kwake na maneno yake mwenyewe yanasubiri, lakini analalamika huku anatabasamu.

Kadi nyingine hii hapa, kwenye soksi nyingine.

Shangazi yako

*

9 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Habari ya mtoto wa seremala nimemsomea kila mtu nyumbani. Kaka yako alijifanya kitu kimemwingia jichoni. Ameshanunua viatu vya mahafali yangu, vyeusi, vyenye kisigino cha kugonga sakafu. Mahafali ni mwezi wa saba.

Kadi nimeisoma. Visanduku vinane vinakimbia vizuri. Kimoja bado kinaburuza miguu, namba tisa. Nimehesabu umbali, inaonekana kiko mbali sana, nyuma ya mgongo wa kilima, kinamsikia namba nane tu, tena kwa mbali. Sasa kanuni ya mawimbi ni kwamba ukisema haraka hufiki mbali. Namba tisa lazima aseme polepole sana ili asikike, na wakati anasema, hewa yote ya upande ule ni yake, wengine wananyamaza. Katika muda anaotumia kutuma ujumbe mmoja, wenzake wangetuma kumi. Nikimpa kila mtu idadi sawa ya ujumbe, nyumba zote zinakuwa na mwendo wa namba tisa.

Nikiiambia kompyuta itafute jumla kubwa kuliko zote, nyumba zote kwa pamoja zipitishe maneno mengi iwezekanavyo, inanipa jibu lilelile kila mara: namba tisa apewe sifuri. Azimwe. Wote waliobaki wanapata karibu mara mbili.

Kwa karatasi ni jibu zuri. Lakini mimi nilifunga visanduku hivyo kwa mikono yangu, najua kila kimoja kiko juu ya paa la mtu. Isipokuwa hicho, maana wewe ndiye uliyechagua. Kwa hiyo nakuuliza, Shangazi, nani anakaa namba tisa? Anakitumia kwa nini? Ana mtoto mchanga, mgonjwa, mjamzito? Hapa hawana neno, wameniachia niamue.

Kipanga wako

*

2 Juni

Kipanga wangu,

Marahaba. Samahani nimechelewa, gari la dawa lilipita nikiwa sijamaliza kuandika, likaniacha na kalamu mkononi. Hujambo, na wenzako hawajambo? Viatu vya kaka yangu vimenifurahisha. Mwambie avivae ndani kwanza vimlainikie, asije akachechemea mbele ya wakubwa.

Umeniuliza habari za namba tisa. Ni mtu mmoja tu. Mtu mzima, anakaa peke yake, hana fujo. Hana mtoto mchanga wala hana ugonjwa. Anasemasema kidogo asubuhi basi. Si mtu wa kukuumizia kichwa.

Mimi nimewaza, kwa nini msigawane siku? Sisi kwenye kamba za kuanikia pale zahanati ndivyo tulivyofanya. Jumatatu mashuka ya wazazi, Jumanne ya watoto, na kadhalika, hakuna aliyegombana.

Lakini kama hesabu inasema azimwe, mwanangu, mzime. Usisite. Wale wanane, wenye watoto, wako huku chini na wanahitaji kumfikia mkunga haraka. Huyo mtu mmoja hatakulaumu, nakuhakikishia. Aliishi bila kisanduku miaka yote na hakufa.

Mchicha wa mkunga umestawi. Ameniletea fungu.

Shangazi yako

*

14 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kwanza nikujibu habari ya kamba za kuanikia. Tukigawana siku, mwenye uchungu Jumatatu itabidi ajikaze mpaka Alhamisi. Lakini nakushukuru, kwa sababu nilipokuwa nakucheka ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nagawa kitu kisicho chenyewe. Nilikuwa nagawa maneno. Nilipaswa kugawa muda.

Fikiria kikao. Ukisema kila mtu atoe sentensi kumi, mwenye kigugumizi atawakalisha mpaka jioni, na mtatamani asije kabisa. Ukimpa kila mtu dakika zake, mwepesi wa ulimi atasema mengi, mzito atasema machache, na hakuna anayemsubiri mwenzake kupita kiasi. Ndivyo nilivyofanya. Kila nyumba ina zamu yake hewani, na zamu ya mtu hailiwi na mwingine hata kama wengine wana mengi ya kusema. Msagaji, kwa kuwa anabeba na ya wenzake, nimemwongezea dakika za wote wanaopitia kwake, kwa hiyo aache kulalamika. Namba tisa katika zamu yake ataweza kusema sentensi moja fupi. Hiyo moja itafika palepale, kila mara.

Jumla yake ni ndogo kuliko ile ya kumzima. Msimamizi wangu hakupenda. Sasa naweza kukuambia kwamba nilikudanganya niliposema wameniachia niamue. Alitaka azimwe tangu mwezi wa nne, sura ya mwisho ya tasnifu yangu ilishaandikwa hivyo, na kuibadilisha ilimaanisha mahafali ya mwezi huu yanipite. Yamenipita. Nitasubiri ya mwezi wa kumi na mbili. Mbele ya jopo mwalimu mmoja aliniuliza, "Huyo namba tisa ni nani hasa mpaka tuwapunguzie wengine kwa ajili yake?" Nikamjibu kwamba simjui, ni mtu mmoja tu. Lakini kadi zinaonyesha kila alfajiri anatuma ujumbe mfupi sana, na kila siku anajibiwa mfupi vilevile. Maneno yenyewe hayaonekani na sitaki kuyajua. Mtu anayesema kitu kila alfajiri ana sababu yake, na kama hata hiyo sentensi moja tunamnyima, tusimwambie tumemwekea mtandao. Msimamizi akaniambia niiandike sura upya. Namshukuru kwa hilo. Angeweza kukataa.

Programu mpya iko kwenye kadi hii. Mkunga aiingize kwenye kisanduku cha zahanati, vingine vitapasiana vyenyewe.

Kaka yako amekasirika kuhusu mahafali, kwa hiyo viatu anavivalia drafti. Jirani anadai vinamsumbua akili kwa kugonga.

Kipanga wako

*

25 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Gari la dawa limekuja na kurudi, na limekuja tena, bila barua yako. Dereva anasema aliyempokea ni mkunga na hakuagizwa kitu. Nimemuuliza kama alikuona, akasema hakukuona, halafu akaanza kuzungumzia matairi.

Umenuna kwa sababu nilikudanganya? Au ni kwa kuwa nilizicheka kamba zako za kuanikia? Hata ukinitumia soksi tupu nitaridhika. Kaka yako amekuwa akishindwa drafti kila siku.

Kipanga

*

10 Septemba

Kipanga wangu,

Marahaba. Usishtuke kwa mwandiko, ni wa mkunga. Mkono wangu wa kulia umefungwa plasta na nyonga inaniambia nikae kitako. Niliteleza kidogo uani, kukiwa na tope. Si kitu cha kuandikiana. Nakula vizuri, nalala vizuri, chai ni nyepesi. Sikununa hata kidogo. Kuhusu mahafali, mwambie kaka yangu viatu haviozi. Na wewe nisalimie huyo mwenye pengo, bila shaka jino limeshaota.

Dada, sasa ni mimi mkunga. Mama ameenda kuota jua mlangoni na amedhani nimemaliza. Naandika haraka.

Namba tisa ni yeye. Nilipofika hapa sikuwa na pa kulala, nikawa najiandaa kuondoka kama wenzangu. Alinipa nyumba yake, ile uliyokulia wewe. Mchicha anaokuandikia nimeupanda chini ya dirisha la chumba chako. Yeye akahamia kwenye kibanda cha shambani, kule juu nyuma ya kilima, akaniapisha nisikuambie, maana alijua ungepanda gari siku hiyohiyo kuja kumtoa. Kisanduku cha tisa alipanda nacho mwenyewe, na debe lake.

Kila alfajiri ananitumia ujumbe: "Nimeamka, na wewe?" Nami namjibu, "Nimeamka, Mama." Basi, hayo tu. Hata madebe yalipotoka, kuna siku ujumbe wake ulinifikia asubuhi, kuna siku mchana, kuna siku jioni. Usipofika nilisema ah, mtandao. Sikuwa na sababu ya kuinua kichwa. Tangu kadi yako mpya ilipoingia haukuchelewa hata siku moja, ulikuwa unanikuta sijawasha jiko.

Asubuhi ile jiko liliwaka na ujumbe haujaja. Dada, sikusubiri chai. Nilimtumia Msagaji ujumbe, akazima mashine watu wakiwa wamepanga foleni na magunia, akapanda kilima mbio na umri wake ule. Alimkuta uani, mvua imemnyeshea, hawezi kuinuka. Alishapoa mikono na miguu. Ingekuwa kama zamani, ningemsubiri mpaka jioni, na sitaki kuandika tungemkuta vipi.

Sasa anakaa hapa nami, kwenye nyumba yake, na harudi juu, nimemwambia wazi. Dereva tulimkataza kukuambia kwa mdomo, ndiyo maana alikimbilia matairi. Anakuja Mama.

Mimi Shangazi yako tena. Nimemfanya anisomee alichoandika. Amejitetea kwamba mimi nilimwapisha ili usije kunitoa kule juu, na sasa nimeshashuka. Ana mdomo huyu, lakini ana haki.

Utaniuliza kwa nini sikusema ni mimi. Ningesema, ungeona vibaya kunizima, na ungeona vibaya kuniacha, na huyo mwalimu wa jopo angekuambia unampendelea shangazi yako, nawe usingekuwa na jibu. Nikaona bora uhesabu ukiwa huru. Nilishajiandaa kuzimwa, mwanangu. Nilishamwambia mkunga kwamba asubuhi fulani atanikosa hewani na asishtuke.

Hapa chini namalizia mwenyewe kwa mkono wa kushoto, vumilia.

HUKUJUA NI MIMI UKANIACHIA ZAMU. ASANTE MWANANGU. NIMEAMKA.